Taa ya Baiskeli na Betri za Redio

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Leo naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa kina historia, nacho ni taa ya baiskeli. Najua watakuwapo watakaosema kwamba mzee huyu amekwisha maneno. Nawaomba subira, maana safari ya taa hii inatoka Birmingham, inapita Osaka, inafika Dar es Salaam, na mwisho inaingia hata ndani ya redio unayonisikilizia.

Nianze na habari ya nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 1979 nchi yetu ilikuwa vitani Kagera, na kila nyumba yenye redio ilikuwa na baraza lake ifikapo saa mbili usiku. Kwetu, katika kijiji kimoja wilayani Kilosa, redio ilikuwa ikila betri nne, na betri zilikuwa adimu madukani. Jioni moja marehemu baba alizitoa betri mbili za tochi, akazitia redioni pamoja na mbili nyingine zilizoanikwa juani kutwa nzima, ili asikie habari za mstari wa mbele. Usiku wa manane shemeji yangu, mke wa kaka, akashikwa na uchungu. Mkunga alikuwa kijiji cha pili, mwendo wa maili sita. Kaka akatoa baiskeli. Baiskeli ile ilikuwa na dainamo, lakini globu ya nyuma ilikufa zamani, na ya mbele ilikuwa imeungua wiki moja kabla. Betri zikarudishwa kwenye tochi, nazo kwa kazi ya jioni ile hazikuwa na nguvu zaidi ya wekundu wa kaa la moto. Kaka akaibana tochi kwa meno, akaondoka. Hapakuwa na mbalamwezi.

Kwenye mteremko wa daraja aliingia mtaroni, akavunjika mtulinga. Aliiacha baiskeli palepale, akamaliza njia kwa miguu. Mkunga alifika alfajiri, mtoto akazaliwa salama, na leo naye ana watoto wake. Lakini mkono wa kaka haukuinuka tena kupita bega. Tangu usiku ule nimekuwa na swali moja: kwa nini kitu kidogo namna ile kimekuwa kigumu kwa mtu wa kawaida kuwa nacho?

Tuitazame historia, pengine itatujibu.

Chombo cha magurudumu mawili kilianza mwaka 1817, pale Karl von Drais alipokipanda huko Mannheim, Ujerumani, akikisukuma kwa kupiga miguu chini. Hakikuwa chombo cha usiku. Haja ya taa ilikuja miaka ya 1870, zilipoenea baiskeli zile ndefu zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambazo mpandaji alikaa juu kama aliyepanda farasi. Mtu akianguka kutoka pale alitangulia kichwa, kwa hiyo jiwe moja lisiloonekana lingeweza kumuua.

Mjini Birmingham alikuwako mchuuzi aliyeitwa Joseph Lucas, ambaye alianza kwa kutembeza mafuta ya taa mitaani kwa mkokoteni. Karibu na mwaka 1880 alitengeneza taa ya mafuta iliyoning'inizwa kwenye ekseli ya gurudumu kubwa, katikati ya spoku, na akaipa jina la Mfalme wa Barabara. Jina lilikuwa kubwa kuliko mwanga wake. Ukiondoa bati lake zuri na kioo chake, ilikuwa ni koroboi lililovishwa koti: utambi, mafuta na moshi. Ilimwezesha mtu kuonekana, lakini haikumwonyesha shimo. Hata hivyo iliuzika sana, na kutokana na taa ile kampuni ya Lucas ikakua hadi kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vifaa vya umeme vya magari nchini Uingereza.

Mwaka 1888 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya serikali za mitaa, na ndani yake kikawamo kifungu kilichotamka kuwa baiskeli ni chombo halali cha barabarani kama gari la farasi. Kifungu hicho hicho kikamtaka mpandaji awe na taa, kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla ya jua kuchomoza. Mwenye baiskeli alipewa barabara na akadaiwa taa siku ile ile. Haki na wajibu vilizaliwa pacha.

Ikaja kabaidi. Mwaka 1892 Thomas Willson, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuwa anachoma chokaa na lami katika tanuru la umeme akitafuta kitu kingine kabisa. Alichopata ni mawe ya kijivu ambayo yakiguswa na maji hutoa gesi inayowaka kwa mwanga mweupe mkali. Ni kabaidi hiyo hiyo ambayo mafundi wa kuchomelea kwa gesi wanaijua hadi leo. Kabla ya karne ile kwisha, taa za kabaidi zilikuwa zimefungwa kwenye baiskeli. Chini lilikaa kopo la mawe, juu kopo la maji, na katikati palikuwa na koki ndogo ya kudondosha tone moja moja. Ukiifungua koki zaidi, mwanga unaongezeka.

Kwa mara ya kwanza mpandaji aliweza kuiona njia yenyewe. Lakini taa ile ilikuwa na adha zake. Ilinuka kama kitunguu saumu, iliacha uji wa chokaa uliopaswa kukwanguliwa kila baada ya safari, na katika nchi za baridi maji yaliganda njiani. Tena ilihitaji kulishwa. Ukiishiwa kabaidi porini, huwezi kuokota nyingine. Nadhani hata neno letu karabai, tunaloiita taa ya kupiga pampu, linabeba mwangwi wa kabaidi ile.

Sasa naomba tuutazame mwaka 1923, maana katika mwaka huo mmoja dunia ilitoa majibu mawili kwa swali moja. Huko Stuttgart, Ujerumani, kampuni ya Bosch iliingiza sokoni taa ya baiskeli inayowashwa na dainamo. Huko Osaka, Japani, kijana wa miaka 28 aliingiza sokoni taa ya baiskeli inayowashwa na betri. Nitaanza na huyu wa betri, kwa sababu ndiye jirani yetu bila sisi kujua.

Jina lake ni Konosuke Matsushita. Alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha mkoa wa Wakayama. Baba yake alifilisika kwa biashara ya mpunga, na mtoto akaondoka nyumbani akiwa na miaka tisa kwenda Osaka kutumika dukani. Muda si mrefu aliingia katika duka la baiskeli, akakaa humo miaka kadhaa akifagia, akitumwa na akijifunza ufundi. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya umeme ya mji ule, na mwaka 1918 akafungua kiwanda chake kidogo nyumbani, wakifanya kazi watu watatu: yeye, mkewe Mumeno, na shemeji yake Toshio Iue.

Matsushita aliyajua mateso ya mpanda baiskeli wa usiku kwa sababu aliyapata mwenyewe. Watu walitumia mishumaa na taa za mafuta, na upepo ukivuma kidogo tu zinazimika. Unashuka, unawasha, unapanda, zinazimika tena. Taa za betri zilikuwako, lakini zilidumu saa mbili tatu tu, na wauzaji walikwisha kuzichoka. Yeye alijaribu miundo mingi kwa miezi kadhaa hadi akapata taa yenye umbo la risasi, ambayo betri yake ilidumu zaidi ya saa 30 kwa gharama ndogo kuliko mishumaa.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, safari hii wahenga waliteleza. Taa ya Matsushita ilikuwa nzuri, lakini haikujiuza. Wauzaji wa jumla wa Osaka hawakutaka hata kuisikia, kwa kuwa taa za betri zilizotangulia ziliharibu jina. Wengine walisema betri yake si ya kawaida, mteja ikimwishia njiani atanunua wapi?

Basi akaamua kuitembeza. Aliwatuma watu wake wapite duka moja hadi jingine la baiskeli mjini, wakiacha taa mbili tatu bila malipo. Walimwomba mwenye duka awashe moja mbele ya wateja wake na aangalie saa. Ikidumu kama walivyoahidi, alipe. Isipodumu, asilipe kitu. Zilidumu. Wenye maduka wakalipa, wakaagiza nyingine, na wale wauzaji wa jumla waliomfungia mlango wakaja wenyewe.

Mwaka 1927 alitoa taa nyingine, ya mraba, inayoweza kuchomolewa kwenye baiskeli na kushikwa mkononi. Akapanga kugawa taa 10,000 bure. Alimwendea mtengenezaji wa betri, kampuni ya Okada ya Tokyo, akaomba betri 10,000 za bure za kutia ndani. Mwenye kampuni alishangaa, kama ambavyo mtu yeyote angeshangaa. Wakakubaliana hivi: Matsushita akiuza betri 200,000 kabla ya mwaka kwisha, zile 10,000 zitakuwa zawadi. Hata kabla hajamaliza kugawa taa zake maagizo yalianza kumiminika, na mwisho wa mwaka lengo lilikuwa limepitwa kwa mbali.

Taa ile ya mraba ilihitaji jina. Matsushita alikuwa ameliona gazetini neno la Kiingereza lenye maana ya kitu cha mataifa, akalifungua katika kamusi, akapendezwa na sehemu yake yenye maana ya kitu cha taifa zima, cha watu wote. Akaiita taa yake National.

Ndugu msikilizaji wa umri wangu, bila shaka umeshtuka. National ndiyo iliyoandikwa kwenye redio ya baba yako. National ndiyo iliyoandikwa kwenye betri ulizoanika juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na kutoka hapo redio na betri za jina hilo ziliingia vijijini hadi mahali ambapo hata gari halikufika. Jina lililozaliwa juu ya usukani wa baiskeli ili mtu wa kawaida aone njia, lilitufikia sisi likiwa ndani ya redio. Na usiku ule kwetu, betri zilipotakiwa na vyote viwili, redio na tochi, tochi ndiyo iliyokosa. Simlaumu baba, vita ilikuwa vita, na alikuwa na wadogo zake jeshini. Nasema tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la swali langu. Tangu koroboi la Lucas hadi betri ya Osaka, kumnunua ng'ombe hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kumlisha. Taa hununuliwa mara moja. Mafuta, kabaidi na betri hununuliwa kila wiki, na kila wiki hushindana na chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Maskini hashindwi na bei ya taa. Anashindwa na tumbo lake.

Dainamo ya mwaka 1923 ilikuwa jibu kwa hilo. Haili mafuta wala betri, inakula miguu. Ndani yake mna sumaku inayozungushwa na tairi karibu na waya uliosokotwa, basi umeme unazaliwa. Kipimo kilichozoeleka ni volti 6 na wati 3: taa ya mbele wati 2.4, ya nyuma wati 0.6. Mwaka 1936 kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, ndugu wa Raleigh tuliyoifahamu sana huku, ilitoa dainamo iliyojificha ndani ya kitovu cha gurudumu, isiyokwaruza tairi wala kuteleza kwenye mvua. Na yule shemeji wa Matsushita, Toshio Iue, baada ya Vita Kuu ya Pili alijitenga, akaanzisha mwaka 1947 kampuni ya Sanyo. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa taa ya baiskeli ya dainamo. Watu wawili walioanza karakana moja wakashika majibu mawili tofauti, mpaka mwaka 2009 kampuni ya Matsushita, ambayo ilikuwa imebadili jina na kuitwa Panasonic, ilipoichukua Sanyo chini ya mwavuli wake.

Lakini dainamo nayo ina ila. Ukisimama, inazima. Ukipanda mlima polepole, inafifia. Tena ina tabia moja ambayo fundi mmoja alinieleza miaka mingi baadaye, nikakaa kimya kwa muda. Umeme wake ni kipimo cha globu zote mbili. Ya nyuma ikifa, sehemu yake yote huielemea ya mbele, na kwenye mteremko wa kwasi globu ya mbele huungua. Ndivyo ilivyokuwa kwa baiskeli ya kaka. Ile globu ya nyuma tuliyoidharau kwa miezi, tukisema nani anahitaji taa ya mgongoni, ndiyo iliyoizima ya mbele.

Na hii dharau ya taa ya nyuma si yetu peke yetu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili chama cha waendesha baiskeli wa Uingereza kiliipinga waziwazi taa nyekundu ya nyuma isifanywe kuwa lazima. Hoja yao ilikuwa kwamba mwenye gari ndiye anayekuja kwa kasi, kwa hiyo ni juu yake kuona kilicho mbele yake. Kwa haki walikuwa na hoja. Lakini vita ilipokuja na taa za miji kuzimwa kwa kuogopa ndege za adui, taa ya nyuma ikawa lazima, maana gizani hoja nzuri haionekani. Nawafikiria wauza mkaa wetu wanaoingia mjini kabla ya jua, magunia matatu juu ya keria, ukubwa wa ukuta unaotembea, bila hata kipande cha kioo chekundu nyuma.

Sasa tufike zama zetu. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza diodi itoayo mwanga mwekundu, ile tunayoiita LED. Haina utambi wala uzi wa kuungua. Kwa kuwa ilikuwa nyekundu, taa za nyuma ndizo zilizofaidi kwanza. Ili kupata mwanga mweupe ilitakiwa kwanza diodi ya buluu, nayo iliwashinda wataalamu wa makampuni makubwa kwa miaka 30. Walioipata ni Wajapani: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano huko Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ndogo ya Nichia kisiwani Shikoku, ambaye mwaka 1993 alitoa ile yenye mwanga mkali. Miaka michache baadaye ikapakwa unga wa manjano, na mwanga ukawa mweupe. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Inasemwa kampuni ilimzawadia Nakamura yeni 20,000, fedha ya viatu. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakapatana kwa yeni milioni 840.

Maana ya jambo hili kwa mpanda baiskeli ni kubwa. Globu ya zamani iligeuza karibu umeme wote kuwa joto. LED kwa umeme ule ule hutoa mwanga mara kadhaa zaidi, na haiungui kwa mtikisiko wa barabara mbovu. Kwa maneno mengine, taa imepunguziwa tumbo. Leo betri ndogo ya kuchaji, hata kwa kipande cha sola, inamvusha mtu usiku mzima. Vijana wengi wanafunga tochi ya LED kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, na si vibaya, ila wakumbuke kuielekeza chini, mwanga uangukie njiani hatua kumi mbele, usimpofue anayekuja.

Na wale wenye dainamo kuukuu stooni wasizitupe. Dainamo hutoa karibu nusu ampea, hata ukikimbia zaidi. Fundi redio yeyote anaweza kuweka diodi nne za kunyoosha umeme, kisha LED mbili za wati tatu zilizofuatana, zikiwa zimebanwa juu ya bati la alumini ili zipoe. Akiongeza kapasita, mwanga hautetemi. Ni kazi ya alasiri moja chini ya mwembe. Chombo cha mwaka 1923 kikioana na diodi ya mwaka 1993, hakuna cha kununua kila wiki. Lakini nyuma nako kuwe na taa nyekundu yenye betri yake, walau kioo cha kuakisi.

Miaka 100 na zaidi mtu wa kawaida alikuwa na udhuru wa kweli: taa ilikula kuliko uwezo wake. Udhuru huo sasa umekwisha nguvu. Kilichobaki ni mazoea, na mazoea hayamsaidii mtu kwenye mteremko wa daraja.

Kaka yangu bado anapanda baiskeli. Mwaka juzi mtoto yule aliyezaliwa alfajiri alimletea taa ya kuchaji, ya mbele na ya nyuma. Anaifunga kwa mkono mmoja, kwa taabu, na hataki kusaidiwa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.